Mariga hakuwa wa benchi tu: mazungumzo na vijana wa soka

Haya, walio nyuma sogeeni mbele tuanze. Leo tunamwongelea McDonald Mariga, na nataka tumwongelee kama kiungo, maana vijiweni kila akitajwa lazima mtu aseme eti pale Inter Milan, klabu ya Italia, alikua wa benchi tu. Mi sikubali kabisa.

Jamaa katoka Nairobi, kapita Tusker, akaenda Sweden kwa Helsingborg, halafu 2007 Parma huko Italia, na Parma ndo ilimkomaza. Januari 2010 Manchester City wakamtaka, klabu zimeshaelewana, kilichobaki ni kibali cha kazi tu. Uingereza wakati huo ilikua inataka nchi ya mchezaji iwe ndani ya 70 bora za FIFA na sisi Kenya hatukuwepo, Raila Odinga akiwa Waziri Mkuu akaingilia kati na bado ikashindikana. Jamani, mtu anacheza Serie A, ligi kuu ya Italia, uwezo upo, anakwamishwa na nafasi ya timu ya taifa! Na hiyo nafasi haikushuka yenyewe, FIFA walitufungia 2004 wakatufungia tena 2006, ugomvi wa viongozi ofisini, anayelipa ni mchezaji.

Inter wakamchukua dirisha hilohilo la usajili. Sasa itafuteni ile mechi ya Camp Nou, uwanja wa Barcelona, Aprili 2010, nusu fainali Champions League. Inter wako kumi tangu dakika ya 28, Motta kapewa nyekundu, Pique kafunga dakika ya 84, Barcelona wakipata moja tu nyingine wanaenda fainali wao, uwanja mzima unapiga kelele, na hapohapo kocha wa Inter, Mourinho, anamtoa Eto'o anamwingiza nani? Mariga! Dakika kama zile kocha haingizi mtu asiyemwamini, anataka mtu wa kukaba, kuziba nafasi na kuondoa mpira bila papara. Fainali na Bayern hakuingia, sawa, ila bila zile dakika fainali yenyewe ingekuwepo?

Baadae majeraha yakamsumbua sana, akazunguka Real Sociedad, Parma tena, Latina, Real Oviedo, akastaafu.

Na tangu Desemba 2024 yeye ni makamu wa rais wa FKF, shirikisho la soka Kenya, chini ya Hussein Mohammed, kwa hiyo kiungo wa Kenya akikwama kibali leo, Mariga ni mmoja wa watu wa kuulizwa, na mi naomba mumuulize bila uoga.

Haya, maswali.