Pigo na Jibu: Seli ya Mwili Inapoumia

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Mwaka 1858, katika taasisi ya patholojia, yaani elimu ya magonjwa, ya Berlin, Rudolf Virchow aliwapa madaktari wenzake mihadhara 20 mfululizo. Aliwataka waache kuutafuta ugonjwa katika majimaji ya mwili, kama tiba ilivyofanya kwa karne nyingi, wautafute ndani ya seli. Leo hakuna anayebishana naye. Ila kuna jambo tunalolipita haraka, hata sisi tunaofundisha fani hii: seli ikipata pigo hujibu, na mengi tunayoyaita ugonjwa ni majibu hayo. Uvimbe ni jibu. Kovu ni jibu. Pigo lenyewe huenda lilikwisha zamani. Jioni hii nataka tuyatazame majibu hayo, hasa pale yanapotugeuka.

Nianze na mepesi. Mguu uliofungwa plasta kwa wiki kadhaa hutoka umekonda. Seli za msuli hazijafa. Kazi imepungua, nazo zimevunja sehemu ya protini zao ili zisigharimie kisichotumika. Moyo unaosukuma damu penye shinikizo la juu hufanya kinyume: seli zake, ambazo kwa mtu mzima ni nadra sana kugawanyika, hunenepa. Kwa muda unene huo unasaidia. Baadaye kuta hukakamaa, damu ya kuzilisha haitoshi, na msaada unageuka maradhi. Kwa mvutaji wa sigara, njia za hewa zilizokuwa na seli zenye vinyweleo vya kufagia makamasi huota seli bapa na sugu. Hizo zinauvumilia moshi, lakini hazifagii kitu, basi kazi yote ya kutoa makamasi inabaki kwa kikohozi. Akiacha sigara mapema, mabadiliko hayo yanaweza kurudi nyuma. Asipoacha, mahali hapohapo saratani inaweza kuanzia.

Yapo pia majibu yasiyoonekana kwa macho. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Ferruccio Ritossa wa Italia alikuwa akichunguza seli za inzi wa matunda, na mtu mmoja maabarani akapandisha joto la kabati walimokuwa wakitunzwa. Chini ya hadubini, kromosomu zikaonekana zimevimba mahali pasipo pa kawaida. Alichapisha habari hiyo mwaka 1962, na ikachukua miaka kueleweka kwamba zile zilikuwa jeni zimewashwa kutengeneza protini za dharura. Protini hufanya kazi kwa sababu imekunjwa kwa umbo lake. Joto likizidi, umbo hufunguka, na protini zilizofunguka hunatana na kuwa madonge. Zile za dharura huzidaka zilizofunguka na kuzisaidia kujikunja upya, na zilizoshindikana hupelekwa kuvunjwa. Binadamu tunazo, mimea inazo, hata bakteria wanazo. Kitu kinachopatikana kwa viumbe vilivyoachana kiasi hicho ni cha kale sana.

Sasa nije kwenye moyo, na hapa nitakaa kidogo.

Donge la damu limeziba mshipa unaoulisha msuli wa moyo. Oksijeni imekatika. Ndani ya dakika moja tu seli za eneo lile huacha kujikaza, ingawa bado zi hai. Zinabana matumizi. Mitokondria, vinu vya nishati ndani ya seli, haziwezi kuunguza mafuta wala sukari bila oksijeni, kwa hiyo seli inavunja sukari kwa njia fupi, yenye nishati kidogo na mabaki ya asidi. Akiba ya ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, inashuka. Pampu zilizo kwenye utando wa seli, zinazotoa sodiamu nje mchana na usiku, zinaanza kulegea. Sodiamu inaingia, maji yanaifuata, seli inavimba. Mpaka hapo mambo yote yanarekebishika. Damu ikirudi ndani ya dakika 20 hivi, seli inajitoa maji, inajaza akiba yake na kuendelea na maisha.

Muda ukizidi hapo, mlango unaanza kufungwa. Kalsiamu, ambayo nje ya seli ni nyingi kuliko ndani kwa takribani mara 10,000, inamiminika na kuamsha vimeng'enya vinavyotafuna mafuta ya utando, protini na hatimaye DNA. Utando unapasuka na yaliyomo yanavuja kwenye damu. Daktari anapoagiza kipimo cha troponini kwa mtu mwenye maumivu ya kifua, anatafuta protini hiyo inayovuja kutoka kwa seli za moyo zilizoumia. Na kwa kuwa huchukua saa kadhaa kupanda, mara nyingi kipimo hurudiwa. Muda ambao seli huvumilia bila oksijeni haulingani mwilini. Seli za ubongo huhesabu dakika chache tu, ilhali msuli wa mguu unaweza kungoja saa mbili au zaidi.

Halafu kuna jambo linalowasumbua madaktari mpaka leo. Mshipa ukizibuliwa, oksijeni inarudi kwa kishindo kwenye mitokondria zilizokwisha kuharibika, nazo zinaitumia kutengeneza kemikali kali zinazounguza kila kilicho karibu. Sehemu ya seli zilizokuwa zimebaki hai hufa wakati huo, wakati wa kuokolewa. Tafadhali, mtu asitoke humu akidhani afadhali mshipa ubaki umeziba! Kuzibua mapema ndiko kunakookoa moyo. Ninachosema ni kwamba uokoaji nao ni pigo jingine.

Mwaka 1986 Charles Murry, Robert Jennings na Keith Reimer walifanya jaribio ambalo mimi sichoki kulisimulia. Walibana mshipa wa moyo wa mbwa kwa dakika tano, wakaachia dakika tano, mara nne. Kisha wakaubana dakika 40. Ungetarajia moyo uliokwisha kuchokozwa mara nne uumie zaidi. Eneo lililokufa lilikuwa robo tu ya lile la mbwa ambao hawakuandaliwa hivyo. Shida ndogo zilizitayarisha seli kwa shida kubwa. Kwa bahati mbaya, majaribio makubwa ya kulihamishia jambo hilo kwa wagonjwa, kwa mfano kwa kubana na kuachia mkono wao kwa kifaa cha kupimia presha, yamekatisha tamaa.

Kifo nilichokieleza ni cha vurugu: seli inapasuka, kinga ya mwili inakuja mbio, panavimba, na hatimaye panabaki kovu. Kipo kifo kingine. John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walikieleza mwaka 1972, nacho kinaitwa apoptosisi. Wengi wenu mmekibeba kwenye ngozi baada ya kushinda juani. Miale imekata DNA ya seli. Protini iitwayo p53 inasimamisha mgawanyiko ili ukarabati ufanyike. Uharibifu ukizidi uwezo wa kukarabati, inatoa amri ya kufa. Seli inanywea, kiini chake kinakatwakatwa vipande, nayo inatoa nje ya utando alama ya kuwaita walaji. Inamezwa bila kumwaga kitu. Hakuna hasira pale.

Vifo vya namna hii si ajali. Katika mnyoo mdogo C. elegans, ambaye ukuaji wake umefuatiliwa seli kwa seli, kati ya seli 1,090 zinazozaliwa, 131 hufa kwa mpango. Kazi hiyo iliwapa Sydney Brenner, Robert Horvitz na John Sulston tuzo ya Nobeli mwaka 2002. Na amri ikikosa kutolewa je? p53 imeharibika katika karibu nusu ya saratani zote za binadamu. Seli yenye hitilafu imepewa ruhusa ya kuishi.

Kati ya kuishi na kufa ipo njia ya tatu, na ndiyo inayofuatiliwa sana siku hizi. Seli iliyochakaa yaweza kuacha kugawanyika moja kwa moja bila kufa. Inabaki mahali pake ikimwaga kemikali za kuchochea uvimbe, na kadiri umri unavyosogea seli za namna hii zinarundikana. Mwaka 2011 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, waliziondoa kwa panya waliotengenezwa wazeeke haraka, na baadhi ya dalili za uzee zikachelewa. Hapo wengi wakadhani dawa imepatikana. Lakini panya wengine walipoondolewa seli hizo wakiwa na vidonda, vidonda vilichelewa kufunga: kemikali zilezile zinazochakaza viungo ndizo zinazoharakisha ngozi kuziba. Dawa za kuzilenga kwa binadamu ziko kwenye majaribio, na swali gumu kwa wanaozitengeneza ni lini zitolewe na kwa muda gani.