Taa Inapomulika Kwenye Tanuru la Gesi: Jinsi ya Kusoma Misimbo ya Sensa

NEEMA: Karibuni tena. Leo tunaligeukia tanuru la gesi la nyumbani, ile mashine ya kupasha vyumba joto. Vyumba vimepoa, feni ndogo inanguruma kisha inanyamaza, na ndani kuna kitaa kinachomulika mara tatu, kinatulia, kinarudia. Kaka Bakari, mtu aanzie wapi?

BAKARI: Asikimbilie kung'oa kifuniko. Nyuma yake kuna swichi inayokata umeme kifuniko kikitoka, na baadhi ya bodi, yaani ubao wa elektroniki unaoendesha mashine, zikikosa umeme zinasahau msimbo, ile idadi ya mimuliko inayotaja hitilafu. Chungulia kwanza kwenye kidirisha kidogo cha kioo, hesabu mimuliko mizunguko miwili au mitatu, andika. Halafu ndiyo ufungue. Jedwali la misimbo kwa kawaida limebandikwa upande wa ndani wa kifuniko hichohicho.

NEEMA: Na jedwali la mashine nyingine halikufai hata kidogo. Kwenye mashine nyingi za Carrier, mimuliko mifupi ni makumi na mirefu ni mamoja: mitatu mifupi na mmoja mrefu ni 31, yaani swichi ya mgandamizo, ile inayohisi kama feni ya moshi inavuta. Kampuni nyingine zinahesabu mimuliko tu, basi.

BAKARI: Sasa hapa ndipo watu wanapotupa pesa. Bodi haina macho. Inachojua ni kwamba imetuma volti 24 kwenye njia fulani, na zimerudi au hazikurudi. Kwa hiyo jedwali likisema "swichi ya mgandamizo iko wazi", limekutajia njia iliyokatika. Halijasema swichi imekufa. Mtu ananunua swichi mpya, anaifunga, na taa inamulika vilevile.

NEEMA: Tupe mfuatano wenyewe, ili msikilizaji ajue mashine imekwamia wapi.

BAKARI: Thermostati, kile kidhibiti joto cha chumbani, ikiomba joto, bodi inahakikisha swichi ya mgandamizo iko wazi. Feni ya moshi inaanza kuvuta, na mvuto huo unaifunga swichi. Kiwashio kinakuwa chekundu, valvu ya gesi inafunguka, vichomeo vinashika moto, na sensa ya mwali inapewa sekunde chache kuthibitisha kwamba moto upo. Feni kubwa ya kusukuma hewa inakuja baadaye, yapata nusu dakika.

NEEMA: Basi tushike hiyo swichi, maana ndiyo inayosingiziwa kuliko zote.

BAKARI: Ni kidude cha duara chenye mpira mwembamba unaotoka kwenye feni ya moshi. Feni ikishaanza kuzunguka, weka mita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye mwili wa chuma wa mashine, nyingine kwenye kila mguu wa swichi kwa zamu. Miguu yote miwili ikiwa na volti 24, imefunga. Mmoja tu ukiwa nazo, iko wazi. Angalia vidole vyako lakini, kwa sababu umeme mkubwa wa nyumba unapita karibu hapo.

NEEMA: Ikiwa iko wazi, bado hatununui?

BAKARI: Bado. Zima umeme, uchomoe mpira. Tazama kama umepasuka pale unapobana, au una maji ndani. Pale unapochomekwa kwenye feni ya moshi kuna kitundu kinachozibika kwa kutu na uchafu. Kizibue kwa waya mwembamba. Kwenye mashine zinazotoa maji, kagua mtego wa maji na bomba lake, kwa sababu maji yakirudi nyuma mvuto unapotea. Toka nje uangalie mabomba ya kuingiza hewa na kutoa moshi: kiota, majani, theluji.

NEEMA: Na tafadhali, usipulize mpira huku umeshikamana na swichi. Utando wa ndani unachanika, halafu ndipo utainunua kwelikweli.

BAKARI: Uamuzi wa mwisho ni wa manomita, kipimo cha mgandamizo wa hewa. Kwenye swichi kumeandikwa kiwango, tuseme -0.60 inchi za maji, kama paskali 150. Feni ikivuta kupita hapo na swichi isifunge, hiyo ni mbovu. Isipofika, swichi inafanya kazi yake na tatizo liko kwenye njia ya hewa. Kuunganisha waya mbili ili kuiruka na kuacha mashine iwake hivyo ni kukaribisha moshi ndani ya nyumba.

NEEMA: Tuhamie kwenye sensa ya mwali. Dalili yake haifichiki: vichomeo vinawaka vizuri, baada ya sekunde chache vinazimika, inajaribu tena, na baada ya majaribio kadhaa mashine inajifungia.

BAKARI: Ukiona kiwashio hakiwi chekundu kabisa, hiyo ni kesi nyingine. Sensa yenyewe ni kijiti cha chuma chenye kauri nyeupe, waya mmoja, skrubu moja, na ncha yake imekaa ndani ya mwali. Bodi inakipa umeme wa AC, na mwali unaupitisha zaidi kuelekea upande mmoja, hivyo bodi inaona mkondo mdogo wa DC. Mdogo sana: maikroampea 1 hadi 6 hivi. Kijiti kikishapata utando, mkondo unashuka, bodi inaamini hakuna moto na inafunga gesi.

NEEMA: Kukisafisha?

BAKARI: Zima umeme, funga gesi, fungua skrubu. Sugua chuma kwa nyuzi laini za chuma za kusugulia mpaka king'ae. Msasa wa kukwaruza uache, unaacha mikwaruzo inayokamata uchafu upya. Kauri ikiwa na ufa, hapo badilisha. Kabla ya kukirudisha kagua waya wa ardhi wa mashine, kwani mkondo huo unarudi kupitia vichomeo; ardhi ikilegea, hata sensa mpya itashindwa. Ukiwa na mita ya maikroampea, iunge katikati ya waya na sensa, usome moto ukiwa unawaka.

NEEMA: Msimbo wa joto kupita kiasi tuuseme kwa ufupi.

BAKARI: Filta chafu, kwanza kabisa. Kisha matundu ya hewa yaliyofungwa vyumbani, au feni kubwa inayozunguka kwa kuchoka kwa sababu ya kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota yake kuzunguka. Pima joto la hewa inayoingia na la inayotoka. Tofauti inayoruhusiwa imechapishwa kwenye bamba la mashine.

NEEMA: Na ile swichi yenye kitufe cha kubonyeza, karibu na vichomeo?

BAKARI: Hiyo ni ya moto uliotoka nje ya njia yake. Sababu inaweza kuwa njia ya moshi iliyoziba, au kibadilisha joto, chuma kinachotenganisha moshi na hewa ya vyumbani, kilichoziba au kupasuka, na hapo kuna hatari ya kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu. Usibonyeze ukaondoka. Zima mashine, funga valvu ya gesi, muite fundi mwenye leseni, na mweleze ni swichi ipi iliyoruka kabla hajafika.