Vinasaba na Kamba: Kipimo Kinachowapima Mashahidi

Mwenyekiti, walimu wangu, na ninyi wanafunzi wa sheria, asanteni kwa kunialika.

Kila ninapozungumzia adhabu ya kifo hakosi mtu wa kuniambia kwamba hofu ya kumuua asiye na hatia imepitwa na wakati. Siku hizi kuna kipimo cha DNA, yaani vinasaba, maabara inasema nani ni nani, kwa hiyo tuhukumu na tulale usingizi. Mimi naona DNA imetufundisha kinyume kabisa. Nitachukua kesi za Marekani, maana huko majalada mengi yamefukuliwa na kusomwa hadharani.

Mwaka 1985, katika jimbo la Maryland, Kirk Bloodsworth alihukumiwa kifo kwa kumbaka na kumuua mtoto wa miaka tisa. Alikuwa mwanajeshi wa zamani, hajawahi kutiwa hatiani kwa lolote. Polisi walionyesha mchoro wa mtuhumiwa kwenye televisheni, mtu akapiga simu kusema anafanana naye, na kesi ikaanzia hapo. Mashahidi watano waliapa mahakamani kwamba walimwona. Watano! Niambieni ni nani kati yenu angethubutu kuwakataa. Rufaa ilimpatia kesi mpya, akatiwa hatiani mara ya pili, ila sasa kwa vifungo viwili vya maisha.

Akiwa gerezani alisoma juu ya kesi ya Uingereza ambamo kipimo kipya cha DNA cha mwanasayansi Alec Jeffreys kilimwokoa kijana aliyekuwa amekiri kuua, kisha kikamnasa muuaji mwenyewe. Bloodsworth akataka apimwe hivyo. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba vielelezo havipo tena. Vilikuja kupatikana ndani ya mfuko wa karatasi, kabatini, katika ofisi ya jaji. Mwaka 1993 aliachiwa huru: shahawa iliyokuwa kwenye nguo ya marehemu haikuwa yake. Alikuwa mtu wa kwanza nchini humo, kati ya waliowahi kuhukumiwa kifo, kusafishwa na DNA. Mwenye shahawa hiyo alitambuliwa mwaka 2003. Alikuwa amefungwa kwa kosa jingine katika gereza lilelile, na Bloodsworth, aliyekuwa akifanya kazi maktaba ya gereza, alikuwa akimpelekea vitabu.

Wengi husimulia kisa hiki wakisifu maabara. Lakini tazameni nini hasa kilipimwa siku ile. Walipimwa mashahidi watano, watu wa kawaida wasio na sababu ya kusema uongo, na wote wakaanguka.

Kukiri nako kumepimwa. Earl Washington wa Virginia, mtu mwenye ulemavu wa akili, alikiri kubaka na kuua. Katika maelezo yake alisema marehemu alikuwa mweusi, kumbe alikuwa mzungu. Hilo peke yake lingetosha kumsimamisha mpelelezi yeyote, lakini halikumsimamisha mtu. Mwaka 1985 zilibaki siku tisa tu auawe. Vipimo vya DNA vilivyofuata vilimwondoa, na mwaka 2000 gavana akamsamehe kabisa kwa kosa hilo.

Claude Jones hakupata bahati hiyo. Huko Texas alitiwa hatiani kwa mauaji ya mwenye duka la pombe, na mbali na neno la mshirika wake wa uhalifu, kielelezo pekee cha kumweka dukani kilikuwa unywele mmoja, ambao mtaalamu aliutazama kwa hadubini akasema unafanana na wake. Mawakili wake waliomba muda ili upimwe. Wasaidizi wa gavana walimwandikia taarifa juu ya kesi hiyo, na ombi la kipimo hawakulitaja. Jones aliuawa Desemba 2000. Unywele ulipimwa mwaka 2010: ulikuwa wa yule mwenye duka. Sisemi kwamba hilo linathibitisha hakuua. Nasema sheria ya Texas haikuruhusu atiwe hatiani kwa neno la mshirika wa uhalifu peke yake, na kilichokuwa kikiliunga mkono neno hilo kimetoweka.

Nisije nikaonekana nachagua kesi zinazonipendeza. Roger Coleman aliuawa Virginia mwaka 1992 akisisitiza hakumuua shemeji yake, na watu waungwana walimwamini kwa miaka. Mwaka 2006 gavana aliagiza kipimo kirudiwe kwa mbinu mpya, kikaonyesha kwamba ni yeye. Waliompigania waliumia sana. Kwangu hiyo ni sababu ya kupima kila kinachopimika, hata kama jibu litatuaibisha sisi tunaopinga adhabu hii.

Sasa shida yenyewe. Mauaji mengi hayaachi kitu cha kupima. Anayepiga risasi toka ng'ambo ya barabara haachi damu wala mate yake. Kesi kama hizo zinaamuliwa kwa mashahidi wa macho, kukiri, na mahabusu wanaodai mwenzao aliwanong'oneza: ushahidi wa namna ileile ambao umeanguka mara kadhaa tulipokuwa na namna ya kuupima. Tofauti ni kwamba humo hakuna mfuko kabatini.

Mtaniuliza, kwa nini basi tusiwaue wale tu ambao DNA imewathibitisha? Maryland ilijaribu jambo la namna hiyo. Mwaka 2009 ilipitisha sheria kwamba upande wa mashtaka hauwezi kuomba kifo bila DNA au ushahidi mwingine wa kibayolojia, au maungamo yaliyorekodiwa kwa video, au video inayomhusisha mshtakiwa na mauaji. Fikirini matokeo yake. Mlevi aliyegombana akaacha damu yake sakafuni anaweza kuombewa kifo, wakati aliyepanga kwa miezi, akavaa glovu na kumpa mtu sumu, anaweza kukwepa. Tena DNA hutaja mwenye damu, haisemi damu ilifikaje hapo wala nani alianza ugomvi. Mwaka 2013 Maryland iliifuta adhabu yenyewe. Anayeamini kwamba sheria ile ya 2009 ingeweza kurekebishwa, naomba awe wa kwanza kuuliza swali.