Tarehe 12 Desemba, Ukiitazama Kutoka Malindi

Assalaam aleikum, hamjambo nyote. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni.

Nimeombwa niseme juu ya Jamhuri, sikukuu yetu ya Kenya ya tarehe 12 Desemba, lakini niruhusuni nipinde kona kidogo. Nitasema juu ya tarehe yenyewe. Watu wanapenda kukusanya mambo ya tarehe moja: huyu kazaliwa, yule kafa, pale pametiwa saini mkataba. Mengi ya mambo hayo hayajuani hata kwa salamu. Mchoraji Edvard Munch alizaliwa Norwei tarehe 12 Desemba 1863, miaka 100 kamili kabla ya uhuru wetu. Hakutujua, wala sisi hatukumjua. Mwaka 1901, tarehe hiyohiyo, Marconi alikuwa Newfoundland akanasa herufi moja tu, S, iliyovuka bahari bila waya kutoka Uingereza. Mwaka 1927 akazaliwa Robert Noyce, mmoja wa waliobuni kile kijipande cha silikoni. Bila hicho, hizo simu mnazozichezea hapo nyuma zisingekuwapo. Nawaona.

Basi turudi nyumbani. Uhuru wa 1963 husimuliwa kana kwamba ulikuwa hadithi moja toka ziwani hadi baharini. Sivyo. Bara ilikuwa koloni. Huku Mwambao, zile maili kumi za pwani, ilikuwa nchi ya Sayyid, yaani Sultani, wa Unguja, na Mwingereza akiitawala kwa kumlipa kodi kwa mapatano ya 1895. Wazee mnaikumbuka bendera yake nyekundu. Oktoba 1963 Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, waliandikiana barua: Mwambao uingie Kenya, na mahakama za kadhi zibaki. Unguja wakapata uhuru wao tarehe 10 Desemba, sisi tarehe 12. Kwa hiyo mtu wa Nairobi siku ile aliagana na mtawala mmoja. Mtu wa Malindi aliagana na wawili kwa mpigo. Wapo waliotaka Mwambao ujitawale wenyewe, na sioni haya kuwataja, maana walikuwa baba zetu na wajomba zetu. Mwezi mmoja kamili baadaye, 12 Januari 1964, Sayyid Jamshid, Sultani wa Unguja wa wakati ule, akapinduliwa. Hebu fikirini, lau zile barua zingechelewa!

Sasa nisogee hadi 12 Desemba 1970. Nendeni Ngomeni, hapo kaskazini mwa Malindi, mkasimame ufuoni, mtaiona ile mitambo ya Waitaliano imesimama majini kwa miguu yake ya chuma. Yule profesa wao, Luigi Broglio, hakuja huku kwa ajili ya madafu. Tuko digrii tatu tu kusini mwa ikweta, na dunia inazunguka kwa kasi zaidi hapa kuliko Roma. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki, juu ya maji, inapata msukumo wa bure. Siku ile Waitaliano waliwarushia Wamarekani setilaiti yao, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kutafuta miali ya eksirei inayotoka angani. Miali hiyo haifiki ardhini, hewa inaizuia, kwa hiyo ni lazima uifuate juu. Msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend, alipoona tarehe na mahali, akaiita Uhuru. Hapa ndipo mambo mawili ya tarehe moja yanapojuana kweli, kwa sababu la pili lilichukua jina kwa la kwanza.

Ila kuna jambo linanichekesha. Hesabuni kwa kalenda ya wazee wetu: uhuru ulikuja mwezi wa Rajabu 1383, setilaiti ikapaa Shawwal 1390, Idi ikiwa imeshapita. Kwa mwezi wa kuandama, siku hizo mbili hazikutani kabisa! Zimekutana kwa sababu tulifuata kalenda ya Mzungu, na pengine kwa sababu kaskazi ilikuwa ikivuma mara zote mbili.

Na Uhuru ilifanya nini huko juu? Iliona nyota, Centaurus X-3, ikiwaka na kufifia kila baada ya sekunde 4.8 kama taa ya mnara wa meli. Ilisaidia wataalamu kukishuku kitu kiitwacho Cygnus X-1, kinachofyonza gesi ya nyota jirani mpaka gesi hiyo inapata joto la mamilioni ya digrii. Leo tunakiita shimo jeusi, kitu ambacho hata mwanga hauponyoki ndani yake. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Nobel mwaka 2002. Setilaiti yenyewe ilinyamaza Machi 1973, lakini orodha yake ya nne ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei, na mpaka leo mwanaastronomia wa Japani akiandika jina la chanzo kama "4U 1700-37", ile U ni Uhuru, neno la Kiswahili, lililotoka Ngomeni.

Haya, maswali. Tuanze na yule bwana mdogo mwenye kanzu. Ameinua mkono tangu nilipotaja shimo jeusi.