Kihifadhi katika Dawa ya Sumu ya Nyoka: Hesabu ya Mtoto wa Kilo 12

*Mhadhara uliotolewa Mbeya kwa wauguzi, matabibu na wafamasia*

Ndugu zangu, sitawaeleza namna farasi wanavyochomwa sumu kidogo kidogo hadi damu yao ikatengeneza kingamwili, kwa kuwa hayo mnayajua. Narudi kwenye jambo ambalo baadhi yenu mmeshanisikia nikilisema Tukuyu, Mbarali na Makambako: fenoli na kresoli, vihifadhi vinavyotiwa katika dawa ya sumu ya nyoka ili bakteria na kuvu wasiote ndani yake.

Usiku mmoja, katika kituo kimoja cha afya huko Usangu, aliletwa mtoto wa kilo 12 aliyeumwa na kifutu kisiginoni, mguu umevimba hadi gotini, ngozi imevutika na kung'aa. Muuguzi alikisogeza kichupa karibu na taa ili asome maandishi yake madogo, kisha akaniuliza: "Daktari, kwa kuwa ni mdogo, nimpunguzie?" Nilimjibu asipunguze hata kimoja, kwa sababu nyoka hapimi uzito wa anayemuuma, sumu aliyomtia mtoto huyo ndiyo ambayo angemtia baba yake, na vichupa vya kuikabili ni vilevile.

Lakini swali lake lilikuwa na haki ambayo jibu langu halikuimaliza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka kresoli isizidi gramu 3.5 kwa lita, na fenoli isizidi gramu 2.5. Chukueni vichupa 10 vya mililita 10 kila kimoja, ambavyo ni mililita 100. Kresoli ndani yake inaweza kufikia miligramu 350. Mtu mzima wa kilo 60 atapata karibu miligramu 6 kwa kila kilo ya mwili wake, na yule mtoto atapata karibu 29. Kila kichupa kimetimiza masharti, ila mtoto amebeba karibu mara tano ya mzigo wa mtu mzima. Fenoli, na kresoli iliyo jamii yake, zikiwa nyingi katika damu zinaweza kushusha presha na kuvuruga mapigo ya moyo, dalili ambazo sisi tuliosimama kando ya kitanda tutaziandika kuwa ni za nyoka.

Najua mtaniambia kwamba chanjo nazo zimetiwa vihifadhi miaka mingi bila madhara. Ni kweli, na nawasihi msiwatishe kina mama kuhusu chanjo. Chanjo ya nusu mililita yenye thiomesali, kihifadhi chenye zebaki, ya asilimia 0.01 ina takriban mikrogramu 25 za zebaki. Mililita 100 za dawa ya nyoka yenye kiwango hichohicho zina mara 200 ya hiyo. Ndiyo maana mwongozo huohuo hauungi mkono zebaki katika dawa hii. Tena kichupa cha chanjo cha dozi nyingi huchomwa sindano mara kwa mara, ilhali kichupa cha dawa ya nyoka hufunguliwa na kumalizwa kwa mgonjwa mmoja. Kiwanda kinachofanya kazi kwa usafi unaotakiwa, hasa kinachokausha dawa ikawa unga, hakina sababu kubwa ya kutia kihifadhi, na hilo wanunuzi wetu wanapaswa kulidai.

Je, tuwanyime wagonjwa dawa yenye fenoli? Hasha! Kifutu anaua, na anayepona bila dawa anaweza kupoteza mguu. Ichanganyeni na maji ya dripu, mililita 5 hadi 10 kwa kila kilo, iingie kwa dakika 30 hadi 60, na adrenalini, dawa ya kukabili mzio mkali, iwe imeshavutwa kwenye bomba la sindano kabla ya tone la kwanza. Kihifadhi hakichukui nafasi ya jokofu. Dawa ya maji hukaa nyuzi 2 hadi 8, na iliyopoteza uangavu ikawa na ukungu ndani yake haitumiki.

Kuhusu homa ya seramu, yaani mwili kuipinga dawa hii siku kadhaa baada ya kuipata, muda haunitoshi. Mwambieni mzazi amrudishe mtoto akipata homa, vipele au maumivu ya viungo kati ya siku ya 5 na ya 14.