Usiirudishie Stenlesi Moto: Mhadhara kwa Mafundi wa Kuchomelea, Kigoma

Ndugu zangu mafundi, leo nina desturi moja tu ya kuisema: kumaliza mshono, kisha kuurudishia moto wa gesi "ili chuma kitulie". Kwenye chuma cha kawaida ina msingi. Mshono ukipoa husinyaa na kuacha mikazo ndani. Ukikipasha chuma hadi nyuzi 600 hivi za Selsiasi na kukipoza taratibu, mikazo hiyo hupungua. Kwenye stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, moto huohuo ndio unaoharibu.

Stenlesi ya aina ya 304 ina metali ya kromiamu, asilimia 18 hivi, na kromiamu ndiyo inayojenga ngozi nyembamba ya kuzuia kutu. Chuma chenyewe ni punje ndogondogo zilizoshikamana. Kikikaa kati ya nyuzi 450 na 850 hivi, kaboni hukimbilia mipaka ya punje na kuungana na kromiamu, na kandokando ya mpaka kromiamu hushuka chini ya asilimia 12. Hapo ngozi haijijengi tena. Kwa macho tangi linang'aa, lakini njia ya ufa imeshafunguka.

Sasa fikirieni Uvinza, hapa mkoani kwetu, ambako maji ya chemchemi yamechemshwa kupata chumvi kwa karne nyingi. Kloridi iliyomo kwenye chumvi, joto na mikazo ya mshono vikikutana, stenlesi hupasuka bila kuonyesha kutu. Mtu akiona unyevu pembeni ya mshono huchomelea juu yake, na baada ya muda ufa hutokea tena pembeni kidogo. Mnalijua hilo.

Ukitaka kupasha, pasha kikamilifu: nyuzi 1040 hadi 1100, kisha poza haraka kwa maji. Kromiamu hurudi mahali pake na mikazo huisha. Lakini tanuru la kumeza tangi zima ni nadra, na bati jembamba hupinda. Kwa hiyo wengi wetu tununue 304L, yenye kaboni isiyozidi asilimia 0.03, wakati 304 huweza kufika 0.08.

Hapa nawaomba tusidanganyane. 304L inalinda mipaka ya punje, haiondoi mikazo wala chumvi. Kloridi yenye joto la zaidi ya nyuzi 60 hivi huweza kuipasua hata hiyo, na 316L, aina nyingine ya stenlesi, pia, ufa ukikata katikati ya punje. Kwa kuchemshia maji ya chumvi ningetafuta dupleksi, aina nyingine ya stenlesi, yenye kromiamu 22 na nikeli 5 kwa mia. Ni ghali, lakini kubadilisha sufuria kila mara ni ghali zaidi. Kwa tangi la mawese ningechukua 304L.

Mkichomelea, tumieni moto mdogo, pitisheni mishono myembamba, na kabla ya kupita tena subirini chuma kishuke chini ya nyuzi 150. Ile rangi ya bluu na kahawia pembeni ya mshono isugueni iishe, kwa burashi ya stenlesi ambayo haijagusa chuma cha kawaida.