Ini Lenye Mafuta: Ayurveda ya Jikoni na Ayurveda ya Chupa

Assalamu alaykum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioketi karibu na mlango ili mtoroke kabla ya maswali.

Sitawaeleza ini liko wapi. Wengi humu mmeshapigwa altrasaundi, mkaambiwa ini limeingia mafuta, na kabla ya kufika nyumbani mkapitia Marikiti kuulizia dawa ya Kihindi, ya Ayurveda, ule utabibu wa kale wa India. Ugomvi wangu na nyinyi unaanzia hapo, na walionisikia siku nyingine wanajua ni ugomvi wa zamani.

Atainuka mtu aseme: daktari, mimi tangu nizaliwe sijaonja tembo wala bia, ini langu lina kosa gani? Nakuamini, mzee wangu. Pombe ni njia moja tu. Ini ni ghala la mwili, kinachozidi kinapelekwa huko. Sukari ya chai, ya soda na ya juisi ya miwa ina sehemu iitwayo fruktosi, na mzigo wake mkubwa hubebwa na ini. Ikizidi, hugeuzwa mafuta papo hapo. Mafuta yakionekana katika asilimia 5 ya chembe za ini au zaidi, ugonjwa umeshaingia. Duniani wanao kama watu wazima watatu kwa kila kumi.

Na usiniambie wewe ni mwembamba. Watu wenye asili ya Bara Hindi huingiwa na mafuta ya ini hata uzito ukiwa mdogo, ndiyo maana kwao kiuno cha mwanamume hutiliwa shaka kikifika sentimita 90, na cha mwanamke 80. Serikali ya India yenyewe, mwaka 2021, iliuingiza ugonjwa huu katika mpango wa taifa wa kupambana na kisukari, saratani na maradhi ya moyo. Nchi yenye Ayurveda kila kona! Mizizi ingetosha, wangehitaji mpango wa nini?

Sasa msinigeuze adui wa Ayurveda. Charaka Samhita, kitabu cha kale cha utabibu wa India, kina sura juu ya maradhi yanayoletwa na kushiba kupita kiasi. Yanampata nani? Mtu wa vitamu, vizito na vyenye mafuta kila siku, anayelala mchana na asiyeutumikisha mwili. Nikiisoma sura ile nahisi mwandishi alipita Mji wa Kale siku ya Ijumaa, watu wametoka kwenye pilau. Na anaagiza nini? Shayiri. Pojo. Maziwa yaliyoganda, yakapigwa na kutolewa siagi. Kazi ya mwili. Vaidya, yaani tabibu wa Ayurveda, aliyesoma kweli atakuuliza umekula nini, umelala saa ngapi na choo kikoje, ndipo afikirie unga wa kukupa. Nyinyi mmeuchukua unga, maswali mmeyaacha mlangoni.

Mtu mmoja akaniambia, "Daktari, hayo ya chakula tunayajua, tupe dawa." Hujayajua! Ungeyajua usingekuwa na glasi ya sharubati mkononi unaponiambia hivyo. Chukua pojo, chemsha mpaka zipasuke, tia manjano nusu kijiko, jira, tangawizi, kitunguu maji, na kijiko kimoja cha mafuta kwa sufuria nzima. Kula jioni, mapema, na mboga za majani nyingi na wali kiasi cha ngumi yako. Ngumi yako, si ya bondia. Mtasema pojo bila tui zito ni chakula cha mgonjwa. Kwani wewe uliyekuja hapa na karatasi ya altrasaundi ni nani?

Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa Cuba, wagonjwa 293, mwaka mzima wa kupunguza chakula na kutembea. Hakuna mzizi hata mmoja. Waliopunguza asilimia 10 ya uzito au zaidi, tisa katika kila kumi uvimbe wa ini uliondoka, na karibu nusu yao hata makovu yalirudi nyuma. Mtu wa kilo 80 ni kilo 8 hizo. Hata ukipunguza kilo 4, mafuta yenyewe huanza kupungua. Nionyesheni chupa inayofanya hivyo.

Tena chupa nimekuja nayo. Naomba msogee. Imeandikwa manjano, lakini soma nyuma: miligramu 500 za kurkumini, kemikali iliyomo ndani ya manjano, asilimia 95, pamoja na dondoo ya pilipili manga. Manjano ya kwenye mchuzi mwili huyafyonza kidogo sana, na mababu wameyala karne na karne. Hapa wameikamua kemikali moja, wakaikusanya, kisha wakatia pilipili ili mwili usiweze kuikataa. Hicho si chakula tena. Marekani, mtandao wa madaktari wanaofuatilia madhara ya dawa kwenye ini uliripoti mwaka 2022 watu 10 walioumizwa ini na manjano. Watano walilazwa, mmoja alikufa. Ni wachache, najua, na mamilioni wanameza bila kudhurika. Yapo pia majaribio madogo, mengi ya Iran, ambapo vimeng'enya vya ini, vile vinavyopanda kwenye damu ini likiumia, vilishuka kidogo. Lakini wewe ini lako tayari lina shida, unalitupia bahati nasibu ya nini, na sufuria ya pojo iko jikoni?

Kisha giloy, mmea ambao watu wa Ayurveda huuita guduchi. Hii nitaisema hata mkichoka. Wakati wa korona India nzima ilikuwa inachemsha giloy kuongeza kinga. Kati ya Septemba na Desemba 2020, madaktari wa Mumbai wakapokea wagonjwa sita, macho ya manjano, ini limevimba, na wote walikuwa wakinywa mmea huo. Mwaka 2022 hospitali 13 za India zikakusanya habari za wagonjwa 43. Wizara ya tiba asili ya India ikaja juu: giloy ni salama, huenda wamechanganya na mmea wa jamaa yake unaofanana nao. Haya, tukubali kwamba wizara ina haki. Basi wewe wa Mombasa, unayenunua unga wa rangi ya vumbi kwenye mfuko wa plastiki usio na jina, utajuaje ni mmea upi? Aliyekuuzia anajua? Uliwahi kumuuliza akakujibu zaidi ya "hii kiboko"?

Na msidhani kosa ni la mimea peke yake. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa Marekani: watafiti walinunua dawa 70 za Ayurveda katika maduka ya eneo la Boston. Katika 14 walikuta madini yenye sumu: risasi, zebaki au aseniki. Baadhi ya dawa hizo hutengenezwa kwa madini makusudi, ni tawi zima la fani yenyewe.

Naonyeshwa saa. Nilitaka kuzungumza juu ya dawa nyingine za Ayurveda: kutki, ule mzizi mchungu wa Himalaya, mimea ya bhumyamalaki na punarnava, na triphala, mchanganyiko wa matunda matatu. Nayapita mbio: ushahidi wake kwa binadamu bado ni mwembamba. Triphala italainisha choo, basi. Ukishikilia kutumia chochote, pima vimeng'enya vya ini kabla, rudia baada ya wiki chache, na ukiona mkojo wa rangi ya chai ya rangi, acha siku hiyo hiyo uje hospitali. Mwenye mimba asiguse. Mwenye dawa za kisukari au presha asiziache hata siku moja kwa sababu ya unga.

Kahawa tungu ruhusa. Tafiti nyingi zinaonyesha wanywaji wa kahawa wana makovu machache ya ini. Ila kashata ya pembeni mwachieni muuzaji. Kulala baada ya chakula cha mchana, hapana. Wahindi wana desturi ya kutembea hatua mia baada ya kula, nyinyi tembeeni elfu. Mwenye makovu makubwa, Marekani iliidhinisha dawa iitwayo resmetirom mwaka 2024, lakini hiyo ni kesi ya daktari wako, njoo tuzungumze faragha.

Mnaokuja kliniki, leteni unga wenyewe na mfuko wake, msiniambie "ile ya kijani". Haya, mzee wa kanzu ya kijivu amenyoosha mkono tangu niliposema sharubati. Mpeni kipaza sauti.